Sifuri ya Mama

Dada yangu alikuwa daktari, na mama yetu hakupona fahari hiyo mpaka anaingia kaburini. Siku dada aliporudi na shahada yake mama alitangaza mtaa mzima, na kesho yake asubuhi mlangoni kwetu kukawa na foleni: mwenye goti, mwenye presha, mama mjamzito, na mzee mmoja aliyeleta jino lake amelifunga kwenye leso. Dada akatoka na kikombe cha chai mkononi, akawatazama mmoja mmoja, akawaambia yeye ni daktari wa kereng'ende. Yule mzee wa jino akauliza kama kereng'ende nao huugua. Dada akamjibu kwamba wanaugua kuliko yeye, ila hawajui kupanga foleni. Mtaani akabatizwa Daktari wa Wadudu, na baadaye nilipoajiriwa chini yake mimi, mdogo wake, kitinda mimba wa mama, nikaitwa Nesi.

Na unesi niliufanya kweli. Nilibeba wavu, bahasha za karatasi, chupa za spiriti na chakula cha siku tatu. Kituo chetu cha utafiti kilikuwa vyumba vinne nyuma ya ofisi za misitu: cha mkurugenzi, cha makabati ya wadudu waliochomwa pini, stoo, na chetu sisi wawili, chenye meza mbili na dirisha lililogoma kufunguka tangu siku lilipopakwa rangi. Kila kitu kilinuka dawa ya nondo, hata mkate wangu wa saa nne. Mke wangu alikuwa akinipokea nyumbani kwa kunisukuma bafuni kwanza, salamu baadaye.

Kazi ya dada, miaka ishirini na sita, ilikuwa juu ya kereng'ende mmoja tu. Mwekundu, mwembamba, na ncha ya mkia wake nyeupe kana kwamba ameichovya kwenye chokaa. Tulimwita Mkia-mweupe. Haishi kwingine popote isipokuwa kwenye mlima ule unaouona ukisimama stendi. Dada alipokuwa mwanafunzi, Mkia-mweupe alikuwa kinamasi cha chini, karibu na geti. Miaka kumi ikapita, chini pakaingia joto, akahamia kinamasi cha kati. Kati nako kukaingia joto, akahamia cha juu kabisa, kwenye bonde dogo chini ya kilele. Kila mwaka dada alichora kwenye karatasi ya miraba, joto linapanda na mdudu anapanda, na siku moja akaweka kalamu chini akaniuliza mlima ukiisha huyu ataenda wapi. Nikamwambia atapanda mti. Hakucheka. Kumchekesha dada ilikuwa kazi ya kulipwa posho.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye mfupa wenyewe. Kuzunguka kinamasi cha juu tulikuwa tumepigilia vigingi kumi na viwili vya chuma, vimepakwa rangi ya njano. Mara moja kwa mwaka, mvua zikishakatika, unapanda. Unasimama kwenye kila kigingi nusu saa, jua likiwa wazi, vigingi vinne kwa siku, siku tatu. Ukimwona Mkia-mweupe, unaandika idadi. Ukisimama nusu saa nzima usimwone, unaandika sifuri. Lakini kama hukufika, au wingu lilifunika jua, au ulishikwa na homa ukashinda hemani, huandiki sifuri. Unaandika kistari. Sifuri maana yake nimetafuta, hayupo. Kistari maana yake sikutafuta, sijui.

Dada alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko jambo lolote duniani. Ungeweza kuvunja chupa zake, ukachelewa, ukaja na pumzi ya pombe, angekununia siku mbili yakaisha. Ila sifuri mahali pa kistari, hapana. Alisema sifuri ni namba kama namba nyingine, lazima iwe imetoka jasho. Watu wakimwambia mbona wachungaji wanasema wamemwona mdudu wako kule na kule, lisemwalo lipo, yeye alijibu kwamba lililohesabiwa ndilo lipo, na la kusikia alipeleke mtu sokoni.

Kabla yangu kulikuwa na fundi mwingine, mtu mzima, tulimwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Mwaka mmoja akaleta fomu ina sifuri nne za siku ya pili, na kwenye hali ya hewa kaandika jua. Dada akafungua kipima mvua cha juu mlimani, akakuta siku ile ilinyesha kutwa. Kofia alishinda hemani, basi, kama ambavyo ungeshinda wewe. Dada akaita mkutano wa kituo kizima, mkurugenzi, makarani, mfagizi, akaisoma ile fomu kwa sauti mbele yao, mstari kwa mstari, na kila sifuri akamwuliza Kofia alisimama wapi. Yule baba alilia. Akafukuzwa wiki hiyohiyo. Alipokuja kuomba barua ya kumsaidia kupata kazi kwingine, dada alimwandikia, tena kwa hati nzuri: *Anaandika vizuri sana vitu ambavyo hakuviona.* Mimi, wakati huo kibarua wao wa kubeba mizigo, niliisoma barua ile nikacheka mpaka nikakohoa. Kisha nikapewa kazi ya Kofia, na buti zake, maana miguu yetu ilikuwa sawa.

Miaka ikaenda. Mkia-mweupe akawa thelathini, akawa kumi na wanane, akawa wanne. Kisha tukapata mwaka wa sifuri tupu, vigingi vyote kumi na viwili.

Hapo sheria ikaanza kuhesabu. Kinamasi cha juu kilikuwa kwenye orodha ya maeneo yaliyolindwa kwa ajili ya mdudu huyo mmoja, na sheria ilisema kiumbe asipoonekana miaka saba mfululizo ahesabiwe ametoweka, na eneo lake lifutwe. Sifuri saba. Kistari kimoja kikiingia katikati, unaanza kuhesabu upya. Na wa kupangojea walikuwapo. Idara ya maji ilikuwa na mchoro wa bwawa uliokaa kabatini muda mrefu hadi karatasi zikawa njano, na ukuta wa bwawa hilo ulipita palepale kwenye bonde. Sitasema watu wa maji walikuwa wabaya. Mji ulikuwa na kiu. Bomba letu lilikohoa hewa siku tano kwa wiki, na mke wangu alikuwa na kigimbi cha mpiga mbio kwa kupanda kilima na ndoo. Lakini dada alisema bonde lile ndilo linalonyonya mvua na kuitoa polepole, ukilizamisha umeua mdudu leo na mto kesho, na kwamba mdudu akipewa miaka, huenda akarudi. Alishawahi kupotea miaka miwili akarudi. Dada hakuomba kingine, ni miaka tu.

Sifuri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ndiyo ya mama.

Mama alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka mlangoni, figo zimechoka. Na mvua zilikuwa zimekatika. Kereng'ende aliyekwisha kuota mbawa huishi wiki chache tu. Usipopanda wiki ile, umekosa mwaka. Dada akasema mmoja wetu abaki na mama, mwingine apande. Alikuwa ameshavaa buti. Alijua nitabaki mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa wa mama, niliyenyonya mpaka nikawa naagiza ziwa kwa maneno. Nikasema nitapanda. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejitolea, mpaka mjomba akanishika bega. Uongo mtupu. Niliogopa. Niliogopa harufu ya wodi, niliogopa mkono wa mama uliokuwa mwepesi kama bahasha zetu, niliogopa alivyonitazama akaniita kwa jina la baba. Mlima ulikuwa kisingizio kizuri na mimi nikakipokea kwa mikono miwili.

Dada akavua buti, akaninyooshea fomu.

"Niangalizie vizuri," akasema.

Kwenye geti la mlima kuna kibanda cha mlinzi. Mlinzi wa wakati ule alikuwa mzee mwenye mbuzi wanne na maneno elfu, na ubao wa drafti alioupaka mwenyewe, na vizibo vya soda ndivyo kete zake. Siku ya kwanza nilifika wingu limetanda, nikaketi kulisubiri jua, na lilipotoka adhuhuri tulikuwa tumeshapanga kete. Tukacheza. Siku ya pili jua likatoka safi kabisa, siku ambayo dada angeshukuru Mungu kwa ajili yake. Nikajiambia nimalize mchezo mmoja. Nilikuwa nimefungwa mara sita na sikupenda. Simu hapo haishiki mtandao, na nilishukuru, maana simu yoyote ingekuwa ya hospitali. Yule mzee, akiinua kizibo chake, akaniambia kwamba wale wekundu wangu wapo. Juzi tu alifuata mbuzi mpaka juu, akawaona watatu wanagombana kwenye majani, wana weupe mkiani. Nikamwambia acheze.

Ningepanda nikawaona. Saa tatu za kutembea. Ndizo zilizonishinda, saa tatu, mimi mwenye buti za Kofia.

Siku ya tatu niliijaza fomu juu ya ubao wa drafti. Sifuri, sifuri, sifuri, kumi na mbili, kwa mkono mzuri usiotetemeka. Kwenye hali ya hewa nikaandika ukweli, maana jua la getini na la juu lilikuwa moja. Kofia alikuwa amenifundisha. Kisanduku cha kupimia joto na mvua sikukifikia, kwa hiyo nikaandika betri imekufa, na mwaka uliofuata, tulipopanda wote, niliwahi mbele nikaichomoa hiyo betri na kuitupa majini, kumbukumbu zikafutika. Ndiyo, nilifanya hivyo pia. Ukishaingia matopeni kwa goti, kiuno hakiulizi.

Nilipofika nyumbani viti vilikuwa vimepangwa nje. Mama alikuwa amefariki siku ya pili, saa nne asubuhi, jua likiwa wazi. Mjomba alinikumbatia akaniambia mama aliniulizia, wakamjibu kwamba niko juu mlimani kwa kazi ya dada yangu, na akasema, "Mwacheni amalize." Hilo ndilo neno lake la mwisho lililoeleweka. Mjomba alidhani ananifariji.

Watu walinisamehe kwa kutokuwapo. Walinisifu. Dada alikuja nyuma ya nyumba, macho yamevimba, akafungua mkoba wangu mwenyewe akatoa fomu, akapitisha kidole juu ya zile sifuri kumi na mbili kama mtu anayesoma kwa kupapasa. Akasema hii ni sifuri ya mama. Na tangu siku hiyo hivyo ndivyo alivyoiita. Wanafunzi wakija kituoni, aliwafungulia faili mwaka wa nne, akawaonyesha, akawaambia hakuna namba ghali kuliko hii humu ndani, mtu alimwacha mama yake akikata roho ili isiwe kistari. Wanafunzi walinitazama kwa heshima. Nilikuwa nikijifanya natafuta kitu kabatini.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa ndefu, tena ina lami. Mwaka wa tano tulipanda wote na nilitafuta kwa macho ambayo sijawahi kutafutia kitu. Niliomba. Ningeridhika hata na bawa moja juu ya maji. Sifuri. Mwaka wa sita sifuri. Mlinzi wa geti akafa na mbuzi wake wakauzwa. Mwaka wa saba tulisimama kwenye kigingi cha kumi na mbili, dada akatazama saa, nusu saa ikaisha, akaendelea kusimama. Tulikaa pale mpaka jua likaenda. Kisha akaandika.

Kamati ikaketi ukumbi mdogo wa idara, asubuhi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kutazama saa. Kulikuwa na mhandisi wa bwawa, amekunja ramani zake vizuri, na mtakwimu mmoja, mwanamke mwenye miwani, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa amesoma faili letu. Mambo yalikwenda haraka mpaka huyo mtakwimu alipoinua kidole.

"Mwaka wa nne una sifuri kumi na mbili," akasema. "Lakini hauna joto na hauna mvua. Nani alikuwa juu?"

Mwenyekiti akasema tunywe chai kwanza, Daktari atajibu tukirudi.

Nilimshika dada mkono kwenye ngazi, karibu na ndoo ya mfagizi. Nikamwambia yote. Geti, drafti, vizibo vya soda, betri, yule mzee na mbuzi wake. Sikulia, niliyasema haraka kama mtu anayetapika. Dada alinisikiliza vile anavyosimama kwenye kigingi, bila kutikisa hata kope. Watu wa kamati walikuwa wanacheka huko ndani juu ya maandazi. Nilipomaliza, aliuliza mambo mawili tu.

"Mzee alisema wangapi?"

"Watatu."

Akarudia, watatu, kwa midomo bila sauti. Mtu ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kupokea la kusikia.

"Na saa nne ya siku ya pili, mama anakata roho, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nacheza, dada."

Akautoa mkono wangu kwenye mkono wake, kidole kimoja kimoja, akarudi ukumbini.

Nakuambia ukweli, nilijisikia mwepesi. Nilijua kitakachofuata. Atasema kistari. Hesabu itakatika, kinamasi kitapata miaka minne mingine, na mimi nitasomewa fomu yangu mbele ya mkurugenzi na makarani na mfagizi, mstari kwa mstari. Nilishajiona stendi nimekaa na Kofia, ambaye siku hizo alikuwa anatengeneza miavuli pale. Nilistahili. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu nilikuwa na njaa, nikachukua andazi.

Mwenyekiti akamwita. Dada akasimama, akaweka mikono juu ya faili.

"Ni sifuri," akasema. "Alikuwa juu mdogo wangu. Betri ilikufa. Alikaa siku zote tatu, na mama yetu alifariki yeye akiwa huko."

Mtakwimu akavua miwani, akasema pole, akaandika. Mhandisi naye akasema pole, na aliimaanisha, alikuwa mtu mzuri. Mwenyekiti akasukuma karatasi mezani. Dada akatia sahihi kwamba Mkia-mweupe ametoweka, kwa hati ileile nzuri aliyomwandikia Kofia barua.

Utaniuliza mbona sikusimama. Kinywa nilikuwa nacho, miguu nilikuwa nayo. Ningesema neno moja tu, kistari, silabi tatu. Nilikuwa na andazi mdomoni. Nilitafuna, nikameza, na nilipomeza jambo likawa limekwisha, watu wanakunja ramani. Moyoni, chini kabisa, nilikuwa nashangilia. Usinitazame hivyo. Nimekwisha kujitazama.

Na bado sikuwa nimemaliza upumbavu wangu. Tukiwa kwenye gari, nikamshukuru. Nikamwambia kweli damu nzito kuliko maji. Dada alikuwa anaendesha. Hakugeuka.

"Sikukulinda wewe," akasema. "Ningesema kistari, mama angekuwa amekufa anakuulizia na wewe uko kwenye drafti. Sasa amekufa ukiwa mlimani. Nimempa hilo."

Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo, siku hiyo wala nyingine.

Alipanda peke yake kung'oa vigingi. Nilijitolea, akasema havina uzito. Akarudi navyo kumi na viwili, akavipanga stoo, akafuta matope. Mimi nilibaki na kazi yangu. Hakunifukuza, hakuniandikia hata barua ya onyo. Ningependa angeniandikia. Matrekta yakaanza mwezi uliofuata, na misimu miwili ya mvua ikatosha kujaza. Siku ya kufungua bwawa watu walicheza ngoma, na mke wangu akavunja ndoo yake kwa makusudi mbele ya majirani, akaicheka kama mtoto.

Dada aliomba kustaafu kabla ya muda wake. Kwenye kumuaga, mkurugenzi alisimama na glasi ya juisi akasema huyu mama katika maisha yake yote hajawahi kuandika namba asiyoiona. Tukapiga makofi. Dada alishukuru kwa sentensi moja, akachukua mwavuli wake na kwenda. Nilimfuata kwa mbali kwa sababu ya mwendo wake. Alikwenda moja kwa moja stendi, akasimama mbele ya meza ya Kofia, akautoa ule mwavuli, ambao haukuwa na kasoro yoyote, akavunja ubavu mmoja kwa mkono na kumpa. Kofia aliutengeneza. Alichukua muda wake, akaujaribu mara mbili, akamrudishia kwa mikono miwili na kumwita Daktari. Dada alifungua mdomo. Nyuma yake kulikuwa na wateja wengine wenye miavuli, na Kofia alikuwa ameshamtazama wa pili. Dada akaufunga mdomo.

Akahamia nyumba ya mama. Mimi nikaanza kwenda kila Jumapili. Miaka miwili sasa, sijakosa hata moja, nimekwenda na mafua, nimekwenda siku mtoto wangu alipofanyiwa sherehe. Nabeba mkate. Nabadilisha balbu, nazibua sinki, nakata nyasi. Yeye hunikaribisha vizuri tu. Karibu, habari za nyumbani, shemeji hajambo, kaa. Hunimiminia chai, sukari mbili kama ninavyopenda. Hunisikiliza nikipiga porojo. Nilikuwa nikimwambia mke wangu kwamba muda ni dawa, dada yangu ameanza kunirudia.

Jumapili iliyopita alikuwa jikoni, na mimi nilikuwa natafuta kalamu ya kuandika namba ya fundi bomba. Juu ya droo ya mama kuna ubao wenye klipu, ule wa kazini. Mtu hawezi kuacha mazoea ya miaka ishirini na sita. Amejipigia mistari kwa rula, fomu ileile, tarehe zinashuka kushoto na vichwa viko juu. Joto la asubuhi. Mvua. Shomoro dirishani. Muuza maziwa. Jirani wa kushoto. Safu ya mwisho kaandika: *Mdogo wangu.*

Nilitabasamu, mjinga mimi. Nikashusha kidole. Joto, nyuzi ishirini na tisa. Shomoro, saba. Shomoro siku nyingine, sifuri. Alikaa dirishani akawatafuta, hawakuja. Muuza maziwa, moja, moja, sifuri, moja. Nikafika safu yangu. Jumapili ya kwanza, kistari. Ya pili, kistari. Nikafunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake, mpaka mwanzo, Jumapili mia moja na zaidi, zote nimo humu ndani nakunywa chai, na safu nzima ni vistari, vimenyooka, mkono hautetemeki. Hata sifuri moja hakunipa.

Aliingia na sinia akanikuta nimeushika ule ubao. Hakushtuka. Akaweka vikombe, akapima sukari, mbili. Nikamwambia dada, lakini mimi hapa nilikuja, kila wiki nilikuja, nilikaa kwenye kiti hiki. Sauti yangu ilikuwa inanitoka kama ya Kofia siku ile.

"Fomu unajua kuisoma," akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa. Kisha nikakusanya vikombe, nikaenda jikoni kuviosha, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nikafungua bomba. Siku hizi maji yanatoka vizuri.